Neno Ng'ege Lilipoangusha Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa mezani rundo la fomu zilizonuka omena, wale dagaa wa ziwani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika kituo kidogo cha takwimu za uvuvi hapa Kisumu. Nilikuwa nimepanga chumba Obunga, na kulikuwa kumenyesha. Nilitembea pekupeku hadi karibu na lango, nikafuta miguu kwa nyasi, kisha nikavaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu. Mkuu wa Takwimu alikuwa amesimama dirishani na alikuwa ameona yote hayo.

"Wewe ndiye karani mpya?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Hapa hakuna bwana mkubwa. Hapa kuna samaki na kuna namba. Kesho vaa viatu vyako mwenyewe. Keti."

Ndivyo nilivyoanza. Nawaandikia ninyi mnaofanya kazi hii sasa, mnaouliza jambo kwenye simu na kujibiwa kabla hamjamaliza kuuliza. Jina langu ni Berita Kageha. Nilizaliwa Maragoli, nikaja Kisumu kutafuta kazi, na sikurudi tena kwetu isipokuwa kwa mazishi na Krismasi.

Kazi ilikuwa hivi. Kila ufuo ambako mitumbwi ilishusha samaki ulikuwa na mpimaji wake, mtu mwenye mizani na fomu. Aliandika tarehe, idadi ya mitumbwi, aina ya samaki, uzito, na mwishoni kulikuwa na safu ya maoni, ambayo wengi waliiacha wazi. Fomu zililetwa kwetu kila mwezi. Makarani tulizinakili katika vitabu vikubwa kwa kalamu ya wino, kisha tukajumlisha. Jumla ya ukurasa ilipokataa kulingana na jumla ya fomu, tulirudi mwanzo.

Mwezi wangu wa kwanza jumla yangu ilikataa kwa siku mbili. Nilikuwa nikipitia kitabu tangu ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, macho yakiniuma. Mkuu wa Takwimu akaja akasimama nyuma yangu.

"Unatafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano kwa kupapasa. Kata kitabu katikati. Jumlisha nusu ya kwanza peke yake. Ikiwa sawa, kosa liko nusu ya pili. Ile nusu nayo uikate tena. Kosa halina pa kukimbilia."

Nililipata kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimeandika tisa mahali pa sita.

Baada ya miaka michache fomu zilibadilishwa, nami nikatumwa kwenye fuo kuwafundisha wapimaji namna ya kuzijaza. Nilifika Luanda Kotieno asubuhi moja, feri ya kwenda Mbita ikiwa ndiyo kwanza inang'oa nanga. Mpimaji wa pale aliitwa Oloo. Wakati huo hakuwa mzee, lakini watu walikwisha kumwita Mzee kwa sababu ya utaratibu wake. Fomu zetu alizijaza, lakini mbali na fomu alikuwa na madaftari yake mwenyewe ya shule, yenye mistari, aliyoyaanza kabla hata kituo chetu hakijamwajiri. Kila samaki aliyeshuka pale alikuwa ndani. Mkewe, Yunia, alikuwa mchuuzi wa samaki papo hapo ufuoni, na alituletea uji huku akicheka viatu vyangu.

Nilianza kumwonyesha Mzee Oloo fomu mpya. Aliniacha niandike mistari mitatu, kisha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hapa umeandika nini, nyar Maragoli?" Maana yake binti wa Maragoli, hakuniita jina lingine hadi mwisho.

"Ngege," nikasema, nikimaanisha yule perege wa ziwa letu.

"Hakuna samaki anaitwa hivyo kwa hii ziwa. Ni ng'ege. Weka hiyo alama yake. Kwani wewe ukiandika ng'ombe unaacha hiyo alama? Utakunywa maziwa ya nini?"

Yunia alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mimi nikaweka ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu kati ya herufi, na tangu siku hiyo sikuiacha tena.

Nilirudi Kisumu na madaftari ya Mzee Oloo yakawa yanakuja kwetu kila mwezi pamoja na fomu. Tuliyahifadhi katika stoo ya nyuma. Mwishoni mwa miaka ya themanini ikaja kompyuta ya kwanza, sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala, lenye maandishi ya kijani. Mkuu wa Takwimu aliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe sokoni, akasema, "Hii itakuwa ya akina Berita," na mwaka uliofuata akastaafu. Ikawa ya akina Berita kweli. Nilijifunza kuhifadhi kazi kwenye disketi, zile sahani nyembamba ndani ya ganda la plastiki. Nilijifunza pia kwamba disketi huota ukungu ukiiacha karibu na ziwa.

Miaka ya tisini ilipoingia tukapata kompyuta nyingine, na programu mpya ya kuandikia iliyopanga maneno vizuri kama kitabu. Niliomba ruhusa niyachape madaftari ya Mzee Oloo yote. Ilinichukua karibu mwaka mzima, saa moja kila siku baada ya chakula cha mchana. Niliona fahari. Hata ritifaa ile programu iliiandika kwa mkunjo, kama mkia wa kiluwiluwi, si kijiti kilichosimama kama cha taipureta. Nilichapa kwa haraka, mikono ikienda na kichwa kikiwa mbali, kama wachapaji wote. Ilikuwa bahati kwamba niliyachapa, kwa sababu siku moja tulifungua stoo tukakuta mchwa wamekula madaftari yote na kutuachia majalada. Mzee Oloo alipoambiwa aliuliza kama nilikuwa nimemaliza kuchapa. Nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Basi wamekula karatasi."

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini kituo chetu kilifungua tovuti. Wakati huo ziwa mbele ya Kisumu lilikuwa limefunikwa na magugu, kijani kitupu mpaka upeo wa macho, na watu wa mbali walitaka kujua samaki walikuwa wamekwenda wapi. Tulikuwa na mashine moja kubwa tuliyopewa na chuo kimoja cha ng'ambo, nayo ndiyo ilikuwa seva, yaani kompyuta inayowahudumia wengine wanaouliza. Kijana mmoja mtaalamu aliyekaa nasi mwaka mmoja alituandikia programu ya kutafuta. Ulikuwa ukiandika jina la samaki kwenye ukurasa, programu inapita kwenye faili za fuo zote, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa alfabeti, na kukuletea rekodi. Ikipata za kujaza ukurasa mmoja, inasimama na kukuonyesha. Yule mtaalamu akaenda kusoma ng'ambo, akaniachia kitabu kinene cha lugha ya programu na anwani ya barua pepe ambayo haikujibu. Mimi nikawa msimamizi wa mfumo kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mashine kubwa ilizeeka. Diski yake ilianza kulia kama panzi, na vipuri vyake havikuwa vikitengenezwa tena popote. Mkurugenzi wetu, msomi wa samaki tuliyemwita Daktari, mtu mpole lakini mwenye haraka, akaamua tuhamishie tovuti kwenye kompyuta ya kawaida yenye mfumo wa Linux, ambao haukununuliwa na ambao ulikuja kwenye diski ya kung'aa. Nilihamisha faili zote. Programu ya kutafuta niliichukua katika maandishi yake asili, yale yaliyoandikwa na mtu, nikaipitisha kwenye kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine. Ikakubali bila kulalamika. Nikazima mashine kubwa, tukijua haitawaka tena. Ile sauti ya panzi ikanyamaza na ofisi ikawa ngeni.

Ilikuwa Jumatatu. Wageni kutoka kwa wafadhili wetu walikuwa wanakuja Ijumaa, na ndio wangeamua kama kituo kitaendelea au kitafungwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyelala vizuri wiki hiyo.

Mkurugenzi alikuja mwenyewe kujaribu. Akaandika omena. Rekodi zikatoka. Akaandika mbuta, yule sangara mkubwa. Zikatoka. Akatabasamu, akaandika ng'ege. Ukurasa ukageuka mweupe, ukiwa na mstari mmoja tu wa kusema seva imepata hitilafu.

"Jaribu tena, Mama Berita."

Nikajaribu tena. Ikafa tena.

"Ile ya zamani ilikuwa inafanya?"

"Ilikuwa inafanya, Daktari. Maneno ni yale yale, programu ni ile ile."

"Basi ni nini imebadilika?"

Lilikuwa swali zuri.

Jambo la kwanza nililoshuku lilikuwa majina ya faili. Linux haiwasamehe wanaochanganya herufi kubwa na ndogo. Faili iliyoandikwa kwa herufi kubwa na ile ya herufi ndogo, kwake ni faili mbili. Nilikuta majina kadhaa yamechanganyika, nikayasahihisha yote. Niliandika ng'ege. Ikafa.

Jumanne nikashuku ritifaa yenyewe. Nilifikiri labda mtu akiichapa kwenye ukurasa wa kutafutia, programu inachanganyikiwa. Kwa hiyo niliandika ege peke yake, bila mwanzo. Ikafa vilevile. Nikaandika ningu, samaki mwingine ambaye haonekani sana siku hizi. Ikafa. Hapo niliweka mikono mapajani nikafikiri. Ningu haina ritifaa. Kwa hiyo kosa halikuwa katika neno ninalouliza. Lilikuwa katika kitu ambacho programu inakisoma wakati inatafuta. Lakini kwa nini mbuta wapatikane?

Stima ikapotea, kompyuta ikazimika. Nikaenda kusimama nje, nikitazama magugu, na jibu likanijia pale pale. Mbuta na omena wamejaa kila ufuo. Programu inapata rekodi za kutosha katika faili za kwanza tu, inasimama, inajibu. Samaki aliyepungua ndiye anayeilazimisha iendelee kusoma faili baada ya faili. Huko mbele kulikuwa na faili moja inayoiua, na ni wale tu wanaowatafuta samaki waliopotea ambao wangefika huko.

Stima iliporudi nilifanya kama nilivyofundishwa na Mkuu wa Takwimu. Niliweka kando nusu ya faili, nikatafuta. Ikaishi. Nikajaribu nusu niliyoiweka kando, peke yake. Ikafa. Nikaikata nusu hiyo. Nilikata na kukata, na Jumatano kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimebaki na faili moja. Ilikuwa ya Luanda Kotieno.

Nilikuwa nimeketi nikiitazama wakati Mkurugenzi alipoingia na kikombe chake cha chai.

"Umepata?"

"Nimepata faili, Daktari. Sijapata kosa lenyewe."

"Faili ya wapi?"

Nikamwambia. Akavuta kiti, akaketi, na akaongea taratibu, kama mtu anayejua anaomba kitu kibaya.

"Sikiliza, Mama Berita. Keshokutwa watu wanakuja. Hawa watauliza mbuta, watauliza omena, basi. Toa hii ya Luanda Kotieno. Si kuifuta kabisa. Iweke kando kwa muda, wakienda tutairudisha."

"Daktari, ofisini kwetu ni kitu gani kiliwekwa kando kikarudi? Zile za Asembo za miaka ya nyuma ziliwekwa kando. Ziko wapi leo?"

Tulijua wote wawili.

"Na hii si kama zile zingine," nikaendelea. "Madaftari yake yaliliwa. Disketi zimeota ukungu. Mzee Oloo aliandika ng'ege tangu wakiwa wengi mpaka walipoanza kupotea. Ukiitoa hii, mtu akitafuta ng'ege upande ule ataambiwa hakuna rekodi. Atafikiri hawakuwahi kuwa huko."

"Na wakija waone ukurasa mweupe? Watu kumi na mmoja, Mama. Wewe una watoto shuleni. Mimi pia niko nao."

Kweli nilikuwa na watoto watatu, na mume wangu alikuwa fundi seremala Mamboleo, kazi ya leo ipo kesho haipo. Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho saa nane mchana. Ikifika saa nane haijapona, nitaitoa kwa mkono wangu mwenyewe."

Alinitazama, akanywa chai yake yote, akasema, "Saa nane." Akaondoka.

Mchana huo niliikata faili ya Luanda Kotieno nusu kwa nusu, mwaka kwa mwaka, mwezi kwa mwezi, hata nikabaki na mstari mmoja. Ulikuwa na neno ng'ege. Ni hilo tu. Katika faili nyingine neno lile lile lilikuwepo na halikumdhuru mtu. Niliiambia kompyuta inionyeshe mstari ule si kwa herufi bali kwa namba, maana ndani ya mashine kila herufi ni namba. Mahali pa ritifaa, katika faili nyingine zote, palikuwa na thelathini na tisa. Katika faili ya Luanda Kotieno palikuwa na mia moja arobaini na sita.

Ilikuwa ile ritifaa nzuri yenye mkia, niliyojivunia. Nilikuwa nimeiweka mimi, kwa mkono wangu, mara maelfu.

Njia rahisi ilikuwa kuzigeuza ritifaa zote ziwe za kijiti, na nilizigeuza, kwenye nakala, nikajaribu. Programu ikasonga mbele kidogo, ikafa mahali pengine, kwenye alama ya nyuzi za joto la maji, ambayo nayo ina namba kubwa. Nikaelewa kwamba nikipangusa alama moja moja nitapangusa mpaka Krismasi. Ugonjwa ulikuwa ndani ya programu.

Alhamisi asubuhi nilifika na kitabu kinene cha yule mtaalamu na mkate wa nusu. Nilisoma maandishi ya programu yake mstari kwa mstari. Alikuwa ametengeneza jedwali, kama kabati lenye droo mia mbili hamsini na sita, tangu droo ya sifuri. Kila namba ya herufi ina droo yake, na ndani ya droo programu inaambiwa herufi ile ni ya aina gani. Nilifungua droo ya mia moja arobaini na sita. Kijana wa watu alikuwa ameikumbuka! Alikuwa ameandika kwamba hii nayo ni ritifaa, ichukuliwe sawa na ile ya kijiti. Alijua. Basi kwa nini ife?

Kitabu kilikuwa na jibu katika ukurasa ambao ningeupita kama si njaa iliyonifanya nisimame kukata mkate. Kulikuwa na aya fupi ikisema kwamba mashine hazikubaliani kuhusu namba za herufi. Nyingine huhesabu kutoka sifuri mpaka mia mbili hamsini na tano, zote chanya. Nyingine hufika mia moja ishirini na saba tu, na zinazozidi hapo huzihesabu kuwa hasi, chini ya sifuri. Mashine yetu ya zamani ilikuwa ya aina ya kwanza. Hii mpya ilikuwa ya aina ya pili. Kwa mashine mpya, ritifaa yangu yenye mkia haikuwa mia moja arobaini na sita. Ilikuwa hasi mia moja na kumi. Programu ilikwenda kutafuta droo ya hasi mia moja na kumi, mahali ambapo hapana kabati wala ukuta wa kabati, na Linux ikaiua papo hapo kwa kuingia shamba la wenyewe.

Dawa ilikuwa neno moja. Unaiambia programu kwamba namba za herufi hazina hasi. Niliandika neno lile, nikapitisha kompaila, nikaandika ng'ege. Ikafa.

Nilikaribia kulia, nasema ukweli. Ilikuwa saa sita. Nilikwenda msalani, nikanawa uso, nikarudi. Nilirudi mwanzo wa maandishi na safari hii nikatafuta kila mahali ambapo kabati lile lilifunguliwa. Pale nilipotibu palikuwa mahali pamoja tu. Palikuwa na mahali pengine patatu. Nilitibu pa pili, pa tatu, na nilipokuwa napitisha kompaila baada ya pa nne, stima ikapotea.

Iliporudi ilikuwa saa nane kasorobo. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, bila kikombe. Kompyuta ilichukua muda wake kuamka, ikikagua diski yake bila haraka, kama mama mkwe anayekagua vyombo. Nikaipitisha kompaila tena. Nikaandika ng'ege, na ritifaa yake.

Ukurasa ukajaa. Luanda Kotieno, Luanda Kotieno, Luanda Kotieno, mwaka juu ya mwaka.

Mkurugenzi akaketi juu ya meza yangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Mama Berita," akasema, "ningekufanya uitoe."

"Ningeitoa, Daktari. Nilikuwa nimekuahidi."

Ijumaa wageni walikuja wanne. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Waliuliza mbuta, waliuliza omena, kama Mkurugenzi alivyosema. Kisha yule mama akageuka kutoka kwenye kompyuta, akatazama magugu dirishani, akauliza kwa utulivu, "Na wale samaki ambao hamwaoni tena?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikaandika. Walisimama nyuma yangu wakisoma uzito ukishuka, kutoka mizani kujaa mpaka samaki watatu, wawili, mpaka siku za sifuri, ambazo Mzee Oloo hakuziruka, aliandika sifuri kila siku. Yule mama alivaa miwani yake akasoma mpaka mwisho. Akauliza, "Nani aliandika haya?" Nikamtajia jina. Akaomba niliandike kwenye karatasi.

Kituo kilipewa muda mwingine. Si mrefu, lakini watoto wangu wawili walimaliza shule ndani yake.

Wiki iliyofuata nilimtumia Mzee Oloo ujumbe kwa mtu wa feri, kwamba aje aone madaftari yake. Alikuja akiwa amevaa koti, mzee kweli sasa. Yunia alikuwa amekufa miaka kadhaa kabla. Nilimpa kiti mbele ya kompyuta. Alisoma kwa muda mrefu, akitaja majina ya wenye mitumbwi kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Kuna mwezi mmoja haina kitu. Nilikuwa nimelazwa hapa Kisumu, nikapasuliwa. Nilipotoka daftari ilikuwa imeshaletwa kwenu, nikajua tu ni tupu. Onyesha mimi hiyo."

Nilimfungulia mwezi ule. Haukuwa mtupu. Kila siku ilikuwa na mitumbwi yake, aina, uzito. Na siku ya kwanza, katika safu ya maoni, niliyoichapa mwenyewe miaka ile bila kuisoma, palikuwa na maneno: Mwenyewe yuko hospitali. Napima mimi, Yunia.

Mzee Oloo aliondoa mkono wake mezani akauweka mapajani.

"Hakuniambia," akasema. "Alikuwa anauza samaki asubuhi, mchana analeta mimi chakula huku. Alipima saa ngapi?"

Akasogeza kiti karibu na kompyuta, akaniuliza, "Nyar Maragoli, hii mashini inatafuta samaki peke yake?"

"Inatafuta neno lolote, Mzee."

"Basi andika Yunia."

Niliandika. Mashine ilisoma fuo zote tangu mwanzo, na haikufa. Ilileta mistari mitano. Katika mmoja alikuwa ameandika: Ng'ege mmoja, mdogo sana. Sikumpima, nilimrudisha. Yunia. Mzee Oloo akacheka, kicheko kilichoanza vizuri kisha kikakatika, akatoa kitambaa. Niliichapisha karatasi ile kwenye printa, akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye, kituo nacho kikafungwa. Kabla hakijafungwa nilipeleka nakala za rekodi zote kwenye maktaba tatu, na kila mkutubi nilimtaka atafute ng'ege mbele yangu kabla sijaondoka. Sasa nakaa Mamboleo, nafuga kuku, na wajukuu hunirekebishia simu. Wakati mwingine vijana wa kompyuta huja kuniuliza namna tulivyofanya kazi bila mtandao wa kuuliza kila kitu, na huwa wanangoja niwape siri fulani. Sina siri. Nawaambia kwamba rekodi inapoiangusha programu, wasiifute kabla ya kuisoma. Kuna mtu aliyesimama ufuoni na mizani siku hiyo, na huenda alikuwa na kazi nyingine nyingi za kufanya.